Fahamu: Jinsi Chumvi Inavyoulemea Moyo

Shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa, likiwa juu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maradhi ya moyo na kiharusi, na mara nyingi hupanda bila mtu kuhisi dalili yoyote. Chumvi huchangia hali hiyo kwa sababu sodiamu iliyomo huzuia maji mwilini, hivyo kiasi cha damu huongezeka na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Mzigo huo ukidumu kwa miaka, misuli ya moyo hunenepa na mishipa hukakamaa.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho hujumuisha pia chumvi iliyojificha katika mkate na samaki mkavu kama ng'onda, pamoja na ile inayonyunyiziwa muhogo wa kuchoma kabla hata haujaonjwa. Ng'onda akilowekwa na maji yake yakamwagwa, sehemu ya chumvi hutoka, na ndimu, tangawizi au kitunguu saumu huziba pengo la ladha.

Mbali na chakula, kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku 5 za wiki na kuacha sigara huupunguzia moyo mzigo. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikijirudia katika siku tofauti, huhesabiwa kuwa shinikizo la juu linalohitaji kumwona daktari.