Kazi imesimama, deni linabisha hodi: tulipe namna gani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, viatu vya usalama, mavumbi ya mgodi na maji safi ya kunywa. Leo tunazungumza juu ya madeni. Msishangae. Deni ni habari ya usalama na ya afya. Mtu mwenye deni zito halali usiku. Asubuhi anapanda gari la kazi akiwa na kichwa kilichojaa hesabu, na kwenye mashine hasikii honi ya mwenzake. Jioni anatafuta usingizi ndani ya lutuku. Na siku kazi inaposimama, deni lile lile linaweza kumsukuma mpaka mahali pa kifo.

Kila mmoja wetu anajua kwamba kazi ya mgodi inaweza kusimama. Mwaka 2003 Gécamines iliachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa njia iliyoitwa kuondoka kwa hiari, kwa feza za Banki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na walifika kwenye dirisha la malipo wakiwa tayari na madeni. Mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka: katikati ya mwaka ilipita dola 8,000 kwa tani moja, na katika mwezi wa 12 ilikuwa karibu dola 3,000. Kampani nyingi za Katanga zilifunga milango. Yaliyotokea jana yanaweza kutokea kesho. Basi tujifunze mapema.

Msaada uko wapi?

Katika inchi yetu, Kasa ya Usalama wa Jamii, yaani CNSS, inalipa pensheni ya uzee, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za watoto. Hailipi mtu kwa sababu amekosa kazi. Anayeachishwa anaishi kwa hesabu yake ya mwisho tu: mshahara uliobaki, siku za likizo ambazo hakuchukua, na malipo ya preavi. Hesabu hiyo ndiyo mshahara wake wa miezi inayokuja.

Huko Ubelgiji, ambako wako ndugu zetu wengi, mambo ni mengine. Aliyepoteza kazi anaweza kupata malipo ya ukosefu wa kazi. Tena sheria ya mwaka 1998 inamruhusu mtu aliyezama katika madeni kwenda mbele ya tribinali. Msuluhishi anawekwa, anapanga madeni yote pamoja, na kila mwezi anamwachia mwenye deni kiasi cha kuishi kama mtu, yeye na jamaa yake. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa wakopeshaji.

Sheria ya namna hiyo kwa ajili ya nyumba zetu hatuna. Lakini hekima yake tunaweza kuichukua bila ruhusa ya mtu: kwanza chakula cha nyumba, kisha deni. Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini dawa ikinywewa yote kwa siku moja inaua mgonjwa.

Baba wawili na hesabu moja

Tuchukue mfano. Baba wawili wa kambi moja wameachishwa siku moja. Kila mmoja amepokea dola 1,500. Nyumba ya kila mmoja, kwa kujibana, inakula dola 150 kwa mwezi: unga wa bukari, sombe, mafuta, makala, maji na sabuni. Na madeni yao yanafanana:

Banki Lambert: dola 200, na faida ya dola 60 kila mwezi.
Duka la jirani: dola 90.
Masomo ya watoto: dola 150.
COOPEC: dola 260.
Kaka mkubwa: dola 100.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, pamoja na faida ya Lambert, jumla ni dola 860.

Baba wa kwanza ni mtu wa heshima. Hapendi watu wasimame mbele ya lupango lake. Analipa wote kwa siku moja, na watu wanamsifu. Zinabaki dola 640. Hizo zinalisha nyumba miezi minne, kisha zinabaki dola 40. Mwezi wa tano mtoto anashikwa na malaria, kazi haijapatikana, na baba anarudi kule kule alikotoka: Banki Lambert. Miezi miwili baadaye faida inamshinda. Mkopeshaji anakuja kila asubuhi. Usiku mmoja baba anachukua nyundo na tochi, anamwambia bibi yake, « Nitarudi kabla jua halijatoka », anakwenda kuchimba katika shimo lililokatazwa.

Wachimbaji wapenzi, hatuna haja ya kueleza sana. Tarehe 27 mwezi wa 6, mwaka 2019, udongo uliporomoka katika shimo la wazi karibu na Kolwezi, na watu zaidi ya 40 walikufa. Sisi tunaofanya kazi ya mgodi tunajua ukuta wa shimo unavyoonekana kabla haujaanguka. Hakuna deni linalolingana na ukuta ule.

Baba wa pili anakaa kwanza na bibi yake na kalamu. Wanalipa Banki Lambert yote, dola 260, kwa sababu deni hilo peke yake linakua mbio. Zinabaki dola 1,240. Wanatenga dola 900 za chakula cha miezi sita, na mama anaziweka mbali na mfuko wa kila siku. Zinabaki dola 340. Kisha baba anatembea kwa miguu kwa kila mkopeshaji. Mwenye duka anakubali dola 15 kwa mwezi. Masomo yanakubali dola 25 kwa mwezi. COOPEC inakubali dola 10 kwa mwezi mpaka kazi ipatikane. Kaka mkubwa anaombwa kungoja. Kwa miezi sita hiyo yote ni dola 300. Zinabaki dola 40 kwa ajili ya dawa.

Baada ya miezi sita baba huyu amemaliza deni la Lambert, la duka na la masomo. Bado anadaiwa dola 200 za COOPEC, pamoja na faida iliyopatanwa, na dola 100 za kaka yake. Lakini watoto wamekula miezi sita, si minne. Kama mama anauza maandazi au ndizi sokoni, hata mwezi wa saba una chakula. Naye baba analala nyumbani kwake.

Njia zilizo mbele yako

Tuzitazame njia moja moja, ili kila mtu achague kwa macho wazi.

1. Kulipa wote mara moja. Njia hii ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kupata kazi nyingine. Kwa asiye na mshahara, ni kuhamisha njaa tu kutoka nyumba ya mkopeshaji mpaka nyumba yake.

2. Kupatana na kila mkopeshaji. Hii ndiyo njia ya wengi. Inataka mambo matatu: kwenda mapema, kabla hawajaja wao, kutaja kiasi kidogo ambacho hutakosa kamwe, na kuandika. Mwenye kuahidi dola 50 na kuleta 10 anaitwa mwongo. Mwenye kuahidi 10 na kuleta 10 kila mwezi anaitwa mtu wa kweli, na kesho atakopeshwa tena unga.

3. Kukopa kwa mmoja ili kulipa wengine. Fikiri mara mbili. Kama COOPEC inakubali kukusanya madeni yako kwa faida ndogo, uliza kwa maandishi utalipa kiasi gani kwa jumla, si kwa mwezi tu. Lakini kukopa kwa Lambert ili kulipa duka ni kuzima moto kwa petroli. Piga hesabu: dola 200 kwa faida ya 30 juu ya mia kila mwezi, ukikosa kulipa, zinakuwa 260, kisha 338, na mwezi wa tatu zinapita 439.

4. Kuuza kitu. Redio, simu ya pili, kiti kisicho na kazi: uza. Lakini usiuze kitu kinacholeta chakula, kama cherehani ya mama, baisikeli ya kuchukua makala au friji ya kuuzia maji baridi. Na lupango lisiuzwe kwa haraka wala kwa siri. Bibi, bwana na watoto wakubwa wakae kwanza pamoja.

5. Kwenda tribinali. Wengi hawajui njia hii. Tangu mwaka 2012 inchi yetu inafuata sheria za OHADA. Sheria hiyo inamruhusu mwenye deni kuomba kwa juji muda wa kulipa. Juji akitazama hali yake na mahitaji ya mkopeshaji, anaweza kuahirisha malipo au kuyagawanya, lakini muda wote usipite mwaka mmoja. Anaweza pia kuamuru kwamba kinacholipwa kipunguze kwanza deni lenyewe, kabla ya faida. Chakula ambacho tribinali imemwamuru baba kuwapa watoto wake hakiahirishwi. Tena sheria ya adhabu ya Kongo inamkataza mtu kutumia shida au ujinga wa mwenzake ili kumtoza faida inayopita kiasi. Mkopeshaji hana ruhusa kuingia nyumbani na kuchukua vitanda. Kazi hiyo ni ya wisie, kwa hati ya tribinali.

6. Kukimbia. Kuhama usiku, kuzima simu, kujificha kijijini: hii si njia. Deni linabaki, linakua, na anayeulizwa kila asubuhi ni mama aliyeachwa na watoto.

Juma la kwanza bila kazi

Mambo haya yafanywe katika juma la kwanza, feza zikingali nzima.

Hakikisha hesabu yako ya mwisho. Kwa mkataba usio na mwisho, kampani ikimwachisha mtu, Kodi ya Kazi inatoa preavi ya siku 14 za kazi kwa uchache, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Kama hesabu haieleweki, muone delege wa sendika, kisha ofisi ya Inspeksioni ya Kazi. Usitie sahihi juu ya karatasi ambayo hukusoma au hukusomewa.

Kama ulimwachia mkopeshaji kadi yako ya banki na namba ya siri, nenda banki ubadilishe namba hiyo kabla hesabu ya mwisho haijaingia. Kisha nenda kwa mkopeshaji upatane naye uso kwa uso. Deni lako utalilipa, lakini mkono unaoingia mfukoni mwako uwe wako.

Andika madeni yote katika daftari moja, hata yale ya aibu. Bwana asifiche deni la pombe, bibi asifiche deni la vitambaa. Deni lililofichwa ndilo linalovunja nyumba siku linapojulikana.

Kama uko katika likelemba, sema wazi kwa wenzako. Usipokee zamu yako leo na kukosa kuchanga kesho. Afadhali kuomba kupunguziwa, au kumpisha mwingine zamu mpaka hali itengenezeke.

Na mapatano yaandikwe. Hata nusu ya karatasi ya shule inatosha: « Mimi fulani nina deni la dola 90 kwa fulani. Nitalipa dola 15 kila tarehe 5 ya mwezi, kwa miezi sita. Faida haitaongezwa. » Tarehe, sahihi mbili, shahidi mmoja. Kila mmoja ashike karatasi yake, na kila malipo yaandikwe nyuma.

Neno kwa mwili

Mtu aliyepoteza kazi na anayedaiwa ni mgonjwa asiye na kidonda. Mkimwona jirani hali chakula, hasemi, analewa tangu asubuhi, au anasema maneno ya kufa, msimcheke. Ingieni kwake, kaeni naye, mpelekeni dispensari. Anayetumia dawa za presha asiziache ili kulipa deni. Mkopeshaji mwenyewe hatafaidiwa na mazishi.

Na wewe uliye kazini leo, usiseme habari hii haikuhusu. Jioni hii, baada ya bukari, chukueni daftari, wewe na mama. Andikeni madeni, andikeni chakula cha mwezi, na muulizane: kazi ikisimama kesho, tutakula miezi mingapi? Jibu likiwa dogo, anzeni kulipunguza deni la Lambert mshahara ungalipo.

Shimoni tunapima ukuta kabla ya kuingia. Nyumbani tupime deni kabla halijatuangukia.