Tusiwagawe watoto kwa macho, masikio na mikono

Anayesafiri kutoka mjini Kericho kuelekea Kisumu huanza safari yake katikati ya mashamba ya chai yaliyotandaa vilimani mithili ya zulia. Kisha barabara huteremka, hewa ikabadilika, na kabla msafiri hajatanabahi, chai imetoweka na miwa imeshika nafasi yake. Hapo ndipo Soin. Jina lenyewe, katika lugha ya Kikipsigis, lina maana ya nyanda za chini zenye joto, kinyume cha mosop, yaani nyanda za juu zenye baridi. Ni katika shule moja ya msingi ya sehemu hizo, mwaka 2024, ambamo nilishuhudia jambo ambalo ningependa tulijadili, msomaji wangu, hasa wewe uliye mwalimu au unayesomea ualimu.

Mwalimu wa Gredi ya 4, kijana mwenye bidii ya kupigiwa mfano, alikuwa amewagawa wanafunzi wake katika makundi matatu. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya manila iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MACHO, MASIKIO, MIKONO. Kundi la macho lilizunguka vishikwambi vitatu vilivyokuwa vingali na uhai. Kundi la masikio lilisikiliza maelezo aliyokuwa ameyarekodi katika simu yake. Kundi la mikono lilikuwa na udongo wa mfinyanzi na vijiti. Somo lilikuwa moja, nalo ni sehemu za mmea na kazi zake.

Naungama kwamba mwanzoni nilifurahi. Sisi tuliosoma enzi za kunakili ubaoni hadi vidole vikafa ganzi hatuwezi kulidharau darasa ambamo watoto wanagusa, wanatazama na kuzungumza. Hata hivyo, macho yangu yalivutwa na msichana mmoja wa kundi la mikono. Udongo wake alikuwa ameuacha. Shingo alikuwa ameirefusha kama twiga akijaribu kuona kilichomo katika kishikwambi cha dawati la pili. Nilimwuliza mwalimu kwa nini mtoto huyo asiruhusiwe kusogea.

“Huyo ni wa mikono, Daktari,” alinijibu kwa upole. “Tuliwapima muhula wa kwanza.”

Baadaye mwalimu aliliuliza darasa zima, kwa Kiingereza, jinsi mmea unavyoweza kuota bila kupandwa mbegu. Kimya kikatanda. Nilimwomba ruhusa, nikalirudia swali lile lile kwa Kikipsigis. Msichana wa mikono ndiye aliyenyosha mkono wa kwanza. Alieleza kwamba muwa hauna haja ya mbegu. Hukatwa pingili, zikalazwa mtaroni, zikafunikwa udongo; jicho lililo kwenye kifundo huchipua, na mizizi hutoka pale pale. Kisha akaongeza kwamba mizizi aliyoiona katika picha ya kishikwambi, ile picha aliyokuwa akiichungulia kwa mbali, haikufanana na ya muwa, na akataka kujua ni kwa nini.

Mtoto huyo alikuwa amepanda miwa kwa mikono yake. Picha alikuwa ameiona kwa macho yake, na swali langu alilisikia kwa masikio yake. Jibu lake lilikuwa la maneno matupu, yaliyopangwa vizuri kuliko insha nyingi ninazosahihisha chuoni. Je, huyu ni wa kundi gani?

Sina nia ya kumlaumu mwalimu yule. Wazo alilolifuata halikuzuka Soin. Mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba akili ya binadamu si moja, wala haipimiki kwa mtihani mmoja. Alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hisabati, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na maumbo, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye aliongeza ile ya kuyatambua mazingira ya asili. Kwa walimu waliochoshwa na mitihani, maneno hayo yalikuwa kama mvua baada ya kiangazi.

Nasi Wakenya tulikuwa na kila sababu ya kuyapokea. Kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, mtoto aliyemaliza darasa la nane alipimwa kwa KCPE, na maksi zake zikawa kama jina lake la pili. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, ulikuja na ahadi kwamba kila mtoto ana kipawa na kwamba kazi ya shule ni kukivumbua. Hiyo ni ahadi njema, nami naiunga mkono.

Tatizo ni kwamba njiani mambo mawili yalichanganywa. Kusema kwamba binadamu ana akili za aina nyingi si sawa na kusema kwamba mtoto huyu hujifunza kwa macho tu na yule kwa masikio tu. Gardner mwenyewe alilazimika kutangaza hadharani mwaka 2013 kwamba nadharia yake haihusu mitindo ya ujifunzaji, na kwamba wanaoviunganisha viwili hivyo wanapotoka.

Kuhusu hiyo mitindo yenyewe, wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa tafiti zilizokuwapo. Hoja yao ni nyepesi kueleweka. Ikiwa ni kweli kwamba kuna watoto wa macho na watoto wa masikio, basi tuwagawe kwanza kwa mitindo yao. Halafu nusu ya kila kundi ifundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wapewe mtihani mmoja. Wa macho wakifaulu zaidi kwa picha, na wa masikio wakifaulu zaidi kwa maneno, tutakuwa tumepata ushahidi. Walipotafuta tafiti zilizofanywa kwa utaratibu huo, walipata chache mno, na kadhaa kati ya hizo zilikwenda kinyume na nadharia. Walikata kauli kwamba hapakuwa na msingi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi kwa namna hiyo.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba watoto wote ni sawa, wala sisemi kwamba picha, sauti na udongo havina faida. Vina faida kubwa, tena kwa kila mtoto. Elimu ya saikolojia imethibitisha kwamba maneno yakiandamana na picha inayohusika, wanafunzi kwa jumla huelewa na kukumbuka vyema zaidi kuliko kwa maneno peke yake. Kinachostahili kuamua njia ya kufundishia ni somo lenyewe kuliko jina lililobandikwa mtoto. Ramani haifundishiki kwa masikio, na wimbo haufundishiki kwa macho. Mizizi ya mmea yafaa ionekane, iguswe, itajwe na ielezwe, na kila mtoto darasani.

Nirudi kwa yule msichana. Alipimwaje hata akaitwa wa mikono? Mwalimu alinieleza kwamba katika majaribio ya muhula wa kwanza hakuwa mwepesi wa kusoma wala wa kujibu, lakini alichangamka alipopewa kazi ya kufinyanga. Majaribio hayo yalikuwa kwa Kiingereza. Hapa ndipo mwanaisimu aliyemo ndani yangu alipoamka. Sera yetu, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, imesema kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka ya mwanzo, na mtaala wa sasa unaiendeleza sera hiyo hadi Gredi ya 3. Katika Gredi ya 4 mtoto huyo huyo hutakiwa kuvuka mto wa lugha kwa siku moja. Anaponyamaza, sisi husema kwamba masikio yake ni mazito, au kwamba yeye ni wa mikono. Kumbe tulichokiita mtindo wa ujifunzaji kilikuwa lugha tu! Vivyo hivyo, huenda mtoto anayeitwa wa masikio kwa kuwa hapendi kutazama ubao ni mtoto anayehitaji miwani.

Basi vifaa vya teknolojia vina nafasi gani katika jambo hili? Historia yetu inatufunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule zetu za msingi. Watoto hawakuachwa wasikilize tu. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza, na watoto wakajibu kwa pamoja au wakatenda walichoagizwa. Redio ni kifaa cha masikio, lakini ilivitumikisha kinywa na viungo vya mwili pia.

Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, pamoja na tarakilishi za walimu na projekta. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa. Hakuna anayeweza kukana ukubwa wa kazi hiyo. Lakini kifaa ni kama jembe, halilimi lenyewe. Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifuata njia tofauti. Kila mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo, na vishikwambi wakapewa maofisa wanaozuru madarasa ili wamtazame mwalimu akifundisha na kumshauri. Teknolojia iliwekwa mahali ambapo ingemwimarisha mwalimu, na usomaji wa watoto ukapanda. Hilo ni funzo la kuwekwa akilini na kila anayepanga bajeti.

Hata simu moja ya mwalimu inaweza kufanya makubwa. Chukua mfano wa Kikipsigis. Ni lugha ya toni, na toni hiyo si pambo. Katika sentensi, kitenzi hutangulia, na mara nyingi ni toni peke yake inayotofautisha mtenda na mtendwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni hata kidogo. Mtoto anayesoma hadithi kitabuni hupaswa kukisia nani alimfukuza nani. Mwalimu akimrekodi nyanya wa kijijini akisimulia hadithi hiyo hiyo, na darasa zima likasikiliza huku kila mtoto akifuata maandishi kwa kidole, tayari sikio limelisaidia jicho. Gharama yake ni betri tu. Darasa hilo hilo linaweza kupiga picha za pingili ya muwa kila wiki tangu kufukiwa hadi kuchipua, kisha likazipanga na kuziandikia maelezo kwa lugha mbili. Watoto wenye ndugu kule kwenye chai wanaweza kulinganisha na chai, ambayo vijiti vyake hupandikizwa pia bila mbegu. Katika kazi kama hiyo hakuna benchi la macho wala la mikono.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili? Ni kwa sababu majina haya hayabaki ukutani. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja aliingia kupitia mojawapo ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi za michezo. Si kila shule inayotoa mikondo yote. Mtoto aliyeambiwa akiwa na umri wa miaka tisa kwamba yeye ni wa mikono, na ambaye kwa miaka mitano alinyimwa kishikwambi kwa kuwa si wa macho, atauchagua mkondo gani? Ataamini alichoambiwa. Wazazi wake wataamini pia, maana kimetoka shuleni. Nasi tutasema alichagua mwenyewe. Tutakuwa tumeuondoa mzigo wa KCPE mabegani mwa mtoto wa miaka kumi na minne, tukamtwika mwenzake mdogo zaidi mzigo mwingine, tena usio na hata karatasi ya matokeo ya kukatia rufaa.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, ninawasihi. Endeleeni kutumia picha, nyimbo, udongo, redio na vishikwambi. Vishikwambi vikiwa vitatu, vizungushwe hadi kila mkono uvifikie. Kabla hujasema mtoto hawezi, mwulize kwa lugha aielewayo. Vyuo vya ualimu navyo vifundishe tofauti kati ya nadharia inayovutia na nadharia iliyothibitishwa, ili anayetoka semina na karatasi ya manila ajue la kuuliza. Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, mtu akikwambia wewe ni wa kundi fulani, mshukuru, kisha ujaribu na makundi mengine.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mkunjaji akikosea, samaki hukauka na kosa hilo. Kabla sijaondoka Soin siku ile, mwalimu alimwita msichana wake mbele na kumpa kishikwambi. Alikishika kwa uangalifu kwa mikono miwili, akaigusa picha ya mizizi kwa kidole, akaikuza, na akainamisha kichwa kuitazama. Wenzake walimzunguka, akaanza kuwaeleza. Mwalimu alisimama kando akisikiliza. Nilipoaga, ile karatasi ya manila ilikuwa ingali ukutani, lakini aliniahidi kwamba angeitoa kabla ya kengele ya asubuhi.