Kuganda na Kufuka: Maneno ya Kueleza Kuzaliwa kwa Nyota

Mwezi wa Septemba 1930 jiwe lilianguka kutoka angani huko Malampaka, katika wilaya ya Maswa, kwenye njia ya reli iendayo Mwanza. Kiasi kilichookotwa kilikuwa gramu 470 tu. Asili yake ni gesi na vumbi vilivyolizunguka jua letu lilipokuwa likizaliwa, yapata miaka milioni 4,560 iliyopita. Yafaa basi kuuliza: je, Kiswahili kina maneno ya kumweleza mwanafunzi wa Maswa habari za kuzaliwa huko? Jibu letu ni kwamba kinayo, lakini yataka kuchaguliwa kwa uangalifu, kwa maana neno likikosewa, kemia nayo hukosewa.

Tuanze na wingu. Nyota huzaliwa katika wingu lenye baridi ya nyuzi 263 hivi chini ya sifuri. Wingu hili si la mvua. Sehemu yake kubwa ni haidrojeni, ambayo atomi zake huungana mbili mbili juu ya chembe za vumbi na kufanya molekuli. Imo pia monoksidi ya kaboni, gesi ile ile ya sumu itokayo katika jiko la makaa, ambayo Wilson, Jefferts na Penzias waliigundua angani mwaka 1970 kwa darubini ya redio. Molekuli zake hulitoa joto nje ya wingu kwa njia ya mnururisho. Wingu likipoa, msukumo wa gesi hupungua, uzito wa wingu lenyewe huushinda, nalo hujikusanya hata kitovu chake kiwe nyota.

Neno la pili ni barafu. Kwa desturi barafu ni maji yaliyoganda. Lakini katika kiini cha wingu hata monoksidi ya kaboni huganda juu ya vumbi. Atomi za haidrojeni huiendea moja baada ya moja, ikawa formaldehaidi, kisha methanoli. Hapa kitenzi kuganda chafaa zaidi, kwani damu huganda, na samli huganda, wala hatuziiti barafu.

Neno la tatu ndilo lenye hatari kubwa. Nyota changa ikianza kupasha joto, huandikwa mara nyingi kwamba barafu huyeyuka. Sivyo. Kuyeyuka ni kuwa majimaji, na katika utupu wa angani kitu kilichoganda hugeuka gesi moja kwa moja. Kiswahili kina kitenzi kufuka, ambacho ndicho asili ya kufukiza. Udi chetezoni hufuka bila ya kuwa majimaji kwanza. Mfano huu haulingani kabisa, kwa kuwa udi huungua, na molekuli hizi haziungui. Lakini tofauti hiyo mwalimu aweza kuieleza kwa sentensi moja, ilhali kosa la kuyeyuka hulibadili jambo zima. Mwaka 2012 Jes Jørgensen na wenzake, kwa darubini ya ALMA iliyoko Chile, walitangaza kuiona glikoaldehaidi, molekuli sahili ya jamii ya sukari, kando ya nyota changa ziitwazo IRAS 16293-2422, katika gesi ya joto iliyokwisha kufuka.

Kwa maneno haya tofauti ya mawe yetu hueleweka. Mawe ya kundi la lile la Malampaka kwa kawaida yalipashwa moto mkali ndani ya gimba lililoyazaa, na vitu vyepesi vikafuka vikapotea. Lile la Ivuna, lililoanguka kusini-magharibi mwa Tanganyika tarehe 16 Desemba 1938, halikupata moto huo. Limehifadhi maji ndani ya udongo wake, pamoja na asidi za amino, na kundi zima la mawe ya namna yake limepewa herufi ya jina lake.

Twapendekeza, kwa hiyo, barafu ibaki kuwa ya maji, kuganda kuwe kwa vyote, na kufuka kuingizwe katika istilahi za kemia kwa maana hii mahususi.