Madoa ya Michungwa: Mtaalamu Ajuaje?

Mkulima wa Meru na Embu, itazame michungwa yako wakati wa mvua. Ukiona majani yana madoa ya mviringo, yenye duara la manjano pembeni, na machungwa yana madoa meusi, jihadhari. Huenda ni ule ugonjwa wa ukungu ulioelezwa mara ya kwanza Angola na Msumbiji mwaka 1952, nao umeingia Kenya. Hupenda unyevu na baridi. Majani hupukutika na matunda hayauziki.

Lakini usikisie, kwani magonjwa mengi huleta madoa. Mtaalamu hukata kipande cha jani, akakisafisha kwa dawa, akakiweka katika chombo chenye chakula cha ukungu. Ukungu ukiota, huutazama kwa darubini, kisha huutia katika mche usio na ugonjwa. Mche ukipata madoa yale yale, na ukungu ule ule ukipatikana ndani yake, mwizi amejulikana.

Kazi yako ni hii: okota majani na matunda yaliyoanguka, uyachome. Usilete miche kutoka shamba lenye ugonjwa. Dawa ya shaba husaidia, ila fuata maagizo. Na kabla hujaukata mti, mpelekee Bwana Shamba tawi bichi lenye madoa.