Homa ya Matumbo na Siri ya Ukuta wa Mshipa

Shangazi yangu, mkulima wa mahindi viungani mwa Kitale, aliugua homa ya matumbo. Maelezo ya dawa alipewa kwa Kiingereza asichokielewa, hivyo homa ilipopungua aliacha kuzimeza. Baada ya majuma mawili homa ilirejea. Makala haya yanakusudia kufafanua, kwa Kiswahili, yaliyotukia ndani ya utumbo wake.

Katika ukuta wa utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwisho, mna mabaka ya tishu ya limfu. Johann Conrad Peyer wa Uswisi aliyaeleza mnamo mwaka wa 1677. Humo hukusanyika limfosaiti, yaani seli nyeupe za damu zinazotambua vijidudu.

Je, huingiaje? Mishipa mingi ya damu imetandikwa kwa ndani seli bapa, mithili ya ukuta uliopigwa lipu. Lakini baadhi ya vena ndogo za mabaka haya zina seli nene, zenye molekuli za kunasa. Limfosaiti hubingirika juu yake, hupunguza mwendo, hunata, kisha hupenya. Ni kama matwana itokayo Kitale kwenda Bungoma: hupita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ila kila abiria hushukia kituo chake. Wala safari haikomi hapo. Mnamo mwaka wa 1959, James Gowans wa Oxford alionyesha kwamba limfosaiti hutoka katika damu, zikapitia limfu na kurejea katika damu. Zilizopata mafunzo utumboni aghalabu hurudi utumboni.

Bakteria wa homa ya matumbo huvamia kupitia mabaka yayo hayo, wakajificha ndani ya seli zilizopaswa kuwaangamiza. Ndiyo maana homa hushuka ilhali wao wangalimo. Pasipo tiba kamili, mabaka huweza kufanya vidonda na utumbo ukatoboka, aghalabu kuanzia juma la tatu. Mgonjwa apatapo maumivu makali ya tumbo ya ghafla, sharti akimbizwe hospitalini.

Ni bayana kwamba Kiswahili si maskini. Jina "homa ya matumbo" lataja makao ya ugonjwa, na "mtoki" lataja tezi la kinena lililovimba. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi. Iliyobaki ni kazi yetu wanafunzi wa Kiswahili: kuketi na matabibu, ili maelezo ya dawa yamfikie mgonjwa kabla homa haijarejea.