Vitafunio Kabla ya Karamu ya Arusi

Katika arusi za siku hizi, Dar es Salaam na Mombasa kadhalika, aghalabu hupita saa nzima baina ya kuwasili kwa wageni na kuandaliwa chakula chenyewe, kwa kuwa maarusi wangali wakipigwa picha. Na mwenye shughuli, akichelea kulaumiwa kwa ubahili, huagiza sambusa, kachori, katlesi na mishikaki pasi na kiasi, hata biriani inapopakuliwa, wageni huwa wamekwisha kushiba, na masinia hurudi jikoni yameguswa tu.

Kaida ya wapishi wa shughuli ni kukadiria vipande 4 hadi 6 kwa kila mgeni, iwapo muda ni saa moja na chakula kamili kitafuata. Pasipokuwa na chakula, idadi hiyo huzidishwa maradufu. Yapasa pia kutofautisha ladha: ikiwa karamu ni pilau ya nyama, basi vitafunio na viwe vya samaki, mboga na matunda, vyenye ndimu na pilipili ya kuamsha hamu, wala visiwe vya unga na mafuta matupu. Na chakula kikitaakhari, ni heri kuongeza madafu na sharubati kuliko kuongeza sambusa.