Vilima vya Kisii na Maji Yake

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kuutazama mlima kwa mbali. Kwa nahodha mlima ni alama ya kujua chombo kimefika wapi, kwa mtunga mashairi ni mfano wa mtu asiyetikisika, na kwa wengine wote ni kitu cha bara, huko kwenye baridi. Atakayesema kwamba anakwenda kuupanda kwa kuwa anataka kuupanda tu, hana shamba huko wala mgonjwa wa kumzuru, hapana budi ataulizwa kama akili zake zi timamu. Nami niliulizwa hivyo hivyo barazani petu nilipoaga kwenda Kisii.

Hata hivyo hatukosekani kabisa katika habari za milima. Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian katika Mlima Kenya, mita 5,199, mwezi wa Septemba 1899, wapagazi Waswahili walikuwa miongoni mwa waliobeba mizigo ya safari ile. Vitabu vimehifadhi majina ya wawili waliofika naye juu, César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa milima ya Ulaya. Waliobeba mahema na chakula wakitetemeka kwa baridi ambayo hawajapata kuiona, wao ni nadra kutajwa hata mmoja.

Mimi sikwenda huko kwenye barafu. Nilikwenda kwenye vilima vya Wakisii, ambao wenyewe hujiita Abagusii, katika kaunti mbili za Kisii na Nyamira. Basi la kutoka Nairobi hupita Narok, Bomet na Sotik, kisha barabara inaanza kujikunja na kupanda, majani ya chai yanatokea huku na huku, na msafiri anafika Keroka, mji uliokaa mpakani hata kaunti hizo mbili zimekuwa zikigombania ushuru wa soko lake. Kutoka hapo Kisii si mbali. Mji wenyewe umekaa yapata mita 1,700 juu ya bahari, na mvua yake haina msimu wa kuaminika kama kusi na kaskazi zetu. Asubuhi jua, alasiri radi.

Mwenyeji wangu ni mzee mkulima wa chai, tuliyejuana zamani alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Baada ya sala ya alfajiri katika msikiti wa mjini nilimkuta amekwisha nisubiri na fimbo mbili. "Bwakire, mzee," alinisalimu kwa Kikisii, nami nikajibu kama nilivyofundishwa, "Mbuya mono." Akacheka. Lugha yao ni ndugu ya yetu, na mwenye masikio hawezi kupotea: nyumba wao huita enyomba, ng'ombe ni eng'ombe, maji ni amache. Mlima tu ndio uliopotoka mbali kidogo, wanauita egetunwa.

Tuliupanda ukingo wa Manga. Huu si mlima wa kilele kama wa kwenye picha. Ni ardhi iliyoinuka kwa mapana, halafu upande mmoja ikakatika ghafla kama iliyokatwa kwa upanga, jabali likabaki wazi. Wazee wa Kitutu, mojawapo ya koo kubwa za Wakisii, walikaa hapa baada ya kabila kuhama kutoka nchi tambarare za Kano, na anayesimama juu yake hahitaji kuelezwa sababu. Adui angeonekana angali mbali, naye angefika juu akitweta. Nilitweta mimi niliyekuja kwa amani.

Njia hupita baina ya mashamba ya watu, migomba upande huu, chai upande ule, na watoto wa shule wakitupita mbio kama mbuzi. Mwenyeji wangu alinionyesha pahala lilipo shimo liitwalo Ngoro ya Mwaga, akanena habari zake kwa sauti ya chini, nami sikumwomba aipandishe. Juu ukingoni upepo ulikuwa mkali, mji wa Kisii uko chini na mabati yake yanang'aa, na kwa upande wa ziwa la Viktoria kulikuwa na weupe wa ukungu ambao mzee alisema siku ya mbingu safi huwa maji matupu. Niliswali adhuhuri pale pale juu ya nyasi. Mombasa tumezoea kibla kuwa kaskazini halisi. Hapa, kwa kuwa tumesogea magharibi, hukengeuka kidogo kuelekea mashariki, kiasi cha nyuzi kumi na mbili hivi. Ndipo nilipofahamu vyema umbali niliotoka.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Magoti yangu yaliusadikisha msemo huo njia nzima. Lakini usiku kulikuwa na obokima, ugali wa wimbi, pamoja na chinsaga, mboga tunayoiita mgagani, na uchungu wake mdogo ulinirudishia miguu yangu.

Siku ya pili tulikwenda Kiabonyoru, upande wa Nyamira. Huko nilitaka kuona asili ya mto Gucha, mto ambao Wajaluo huuita Kuja, unaokata nchi ya Kisii na Migori hata kumwaga maji yake katika ziwa la Viktoria. Nilitarajia msitu. Msomaji aliyesikia neno "chanzo cha mto" naye bila shaka ameshaweka kichwani mwake miti mirefu, giza na ndege. Nilichokiona ni chai, mahindi, nyumba, na mikaratusi. Mikaratusi kwenye mipaka ya mashamba, mikaratusi kwenye miteremko, mikaratusi mabondeni ambako maji hutoka.

Nikamwuliza mzee, "Miti ya asili iko wapi?"

"Mzee wangu," akasema, "wewe umewaona watu walivyo. Mti usioleta karo ya shule utaupanda wapi?"

Neno lake lina hesabu ndani yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, na 605,576 Nyamira. Kwa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, nao wengi ni wakulima, si watu wa ghorofa. Baba akigawa shamba kwa wanawe, na wao kwa wana wao, hubaki kipande cha kutandikia mkeka. Mkaratusi hukua upesi, hauhitaji mbolea wala mlinzi, huuzwa nguzo na mbao, na viwanda vya chai huununua kuwa kuni za kukaushia majani. Ni akiba ya maskini. Ila mti huo hunywa maji mengi, na ukipandwa kwenye chemchemi huanza kunywa kabla ya mwenye shamba. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Amri ilisikika, miti mingine ikakatwa, mingine imesimama hata leo.

Jambo jingine ni matofali. Baina ya kilima na kilima huku kuna mabonde yenye kinamasi, na kinamasi hicho ndicho ghala la maji: mvua hushuka, hukaa humo kama katika sifongo, kisha hutoka kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Udongo wake ni mzuri kwa matofali, basi vijana huuchimba, huuchoma tanuru kwa kuni za mkaratusi ule ule, na kuuza. Nilitembea kando ya mashimo hayo. Yana maji, ndiyo, lakini ni maji yaliyosimama, ya mbu.

Hapo nilikumbuka Andalusi. Kilele kirefu kuliko vyote katika bara la Uhispania, mita 3,479, kinaitwa Mulhacén, nalo ni jina la Maulana Abul-Hasan, mfalme wa Granada, baba yake Abu Abdillahi aliyeukabidhi mji mwezi wa Januari 1492. Wapandaji milima huenda huko kwa ajili ya maziwa madogo yaliyochongwa na barafu za kale chini ya kilele. Kwangu mimi ajabu iko chini zaidi. Waislamu wa nchi ile walichimba mifereji milimani, na Wahispania mpaka leo huiita acequia, yaani saqiya. Baadhi yake haipeleki maji shambani moja kwa moja. Theluji inapoyeyuka, maji humwagwa makusudi kwenye mteremko yazame ardhini, yatembee chini kwa chini, yachipuke katika chemchemi za vijijini wakati wa kiangazi. Walio mbele walijua kwamba mlima ni birika, na birika lina haja ya kujazwa.

Nilimsimulia mwenyeji wangu tulipokuwa tukirudi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanichukua hadi nyuma ya shamba lake, kwenye chemchemi ambayo nyumba kadhaa za jirani huteka. Juu yake visiki vya mikaratusi vilikuwa vimekatwa na kuchomwa ili visichipue, na baina yake ipo mianzi michanga na mikuyu miwili iliyozungushiwa miiba kwa ajili ya mbuzi. Maji yalikuwa yakitoka, kamba nyembamba kama uzi wa mshipi. Nikataka kumpongeza, akaniashiria ng'ambo ya kijito kwa fimbo. Kule ilisimama safu ya mikaratusi minene, mirefu kuliko mlingoti wa jahazi.

"Ile ni ya ndugu yangu," akasema. "Ana mtoto chuo kikuu. Amesema atakata akimaliza."

"Atamaliza lini?"

"Bado miaka mitatu."